Daftari la Milango

Mzee Hodi hakuzaliwa na jina hilo, lakini ukimwita kwa jina la kwenye kitambulisho chake hageuki. Jina alilipata kazini. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa mdadisi, yule mtu anayetembea nyumba kwa nyumba na karatasi za maswali: mnalala wangapi humu, mnapikia nini, choo kiko ndani au nje, mtoto wa mwisho alichanjwa lini. Ni kazi ya kukimbizwa na mbwa na kufungiwa milango usoni. Wenzake wengi walidumu msimu mmoja, wakaenda kutafuta kazi za kukaa kivulini. Yeye alidumu kwa sababu watu walimfungulia.

Walimfungulia kwa kuwa alijua kubisha, na hapa lazima apewe haki yake. Hakugonga mlango hata siku moja. Alisimama hatua nne nyuma, amegeuka ubavu, ili aliye ndani akichungulia aone njia iko wazi na hakuja na kundi la watu. Akaita hodi kwa sauti ya mpita njia, si ya mtu anayedai chake. Akikaribishwa hakutoa karatasi, aliomba maji. Awe na kiu asiwe na kiu, aliomba maji, na siku nyingine alirudi nyumbani tumbo linacheza kama debe.

"Mtu akishakupa maji," alikuwa akisema, "yeye ni mwenyeji na wewe mgeni wake. Hakuogopi tena."

Penseli aliiweka nyuma ya sikio mpaka maongezi yapate moto. Na swali lake la kwanza halikumhusu mwenye nyumba kabisa, lilimhusu jirani. Muulize mtu habari zake, alisema, atakupa zile za kujisitiri. Muulize za jirani, ataachia mdomo, na ndani ya habari za jirani utazikuta na zake zote, hajui hata kama amezitoa.

Kisha kulikuwa na lile neno lake: "Jina haliandikwi." Alilisema katika kila nyumba, na alilimaanisha. Kwenye karatasi za maswali kulikuwa na namba tu. Namba ipi ni ya mlango upi, hilo lilikaa kwenye kidaftari kidogo alichokibana ndani ya soksi, ili karatasi ikiwa na kasoro aweze kuirudia nyumba ile ile. Kazi ikiisha, alikaa mbele ya msimamizi wake akakichana kidaftari hicho ukurasa kwa ukurasa, vipande akavitia kwenye ndoo ya maji, akavivuruga kwa mkono mpaka vikawa uji. Ndipo aliposaini kwamba kazi imekwisha. Mwaka mmoja mkubwa fulani wa ofisi alitaka kujua ni nyumba gani zilizosema maji ya bomba yana wadudu. Mzee akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akakichana huko huko. Walimweka benchi msimu mzima. Alikula dagaa wa jirani na hakujutia.

Alistaafu akiwa na mali mbili. Ya kwanza ni hilo neno lake, maana kwenye yale majengo tisa ya vyumba vya kupanga alikokuwa akiishi, mlango namba kumi na nne, hakuna aliyewahi kusema mzee huyu alitoa siri ya mtu. Ya pili ni mpwa wake.

Dada yake alifariki akimwachia binti wa miaka tisa. Mzee hakuwa na mke wala ujuzi wa kusuka nywele, lakini alimlea. Binti alichora picha nyuma ya madodoso yaliyoharibika, akajifunza kuhesabu kwa karatasi za sensa, akasoma mpaka akafika mbali na akaanza kuvaa viatu vinavyolia akitembea. Akapata kazi kwenye kampuni inayomiliki hayo hayo majengo tisa, upande wa tovuti. Ajira yake ilikuwa ya mkataba wa miezi sita sita. Kila miezi sita mjomba mtu hakulala vizuri wiki nzima.

Ile tovuti ilikuwa ya shughuli za wapangaji. Bomba likivuja unaingia hapo kuripoti, taa ya ngazi ikifa unaingia hapo, na unaingia kwa namba ya mlango wako. Kampuni ilitaka kujua wapangaji wake wanaishije. Ikaweka hapo dodoso la maswali thelathini na sita. Likakaa miezi minne, likajibiwa na watu kumi na mmoja, watatu kati yao wakiwa wafanyakazi wa kampuni. Wakaweka gurudumu la bahati, ulizungushe ujibu swali moja. Watu wakalizungusha na hawakujibu. Wakaweka vikatuni vya nyuso, kinachocheka, kinacholia na kilichonuna. Watoto wakavichezea wakamaliza salio la wazazi wao. Mwisho, na sijui ni akili ya nani hii, wakaweka kuku anayekatiza kwenye kioo cha simu. Ukimkamata anataga yai, na ndani ya yai mna swali. Kuku huyo alitukanwa majengo yote tisa. Mtu nyumba inafurika maji, anataka kuripoti bomba, anakatizwa na kuku.

Jumapili moja mpwa akaja na matunda na soda, akavua viatu, akakaa sakafuni kama zamani.

"Mjomba, nifundishe kubisha hodi."

"Wewe? Unataka kazi yangu ya kukimbizwa na mbwa?"

"Siyo mimi nitakayebisha. Itabisha tovuti. Watu wamechoka na fomu. Nimewaambia wakubwa zangu kuna mtu mmoja tu ninayemjua ambaye hajawahi kufungiwa mlango."

Mzee alivimba kichwa, na nani asingevimba? Miaka minane tangu astaafu hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya "umeamkaje". Akamfundisha alasiri nne mfululizo, binti akiandika kwenye daftari lake la jalada la bluu. Kukaa ubavu. Hodi ya mpita njia. Maji. Penseli nyuma ya sikio. Swali la jirani. Kutosema asante haraka, kwa sababu asante humkumbusha mtu kwamba ametoa kitu. Mambo sita. Siku ya nne akamfundisha la saba, daftari la milango, na alilifundisha amesimama.

Wakampeleka ofisini, kwenye chumba cha kurekodia kilichoangikwa mablanketi ukutani, akasema "Hodi hodi, wenyeji" mara arobaini mpaka koo likakauka, na safari hiyo maji aliyaomba kwa kiu ya kweli. Wakamchora na kofia yake na mkoba wake. Wakampa karatasi asaini kwamba sauti na sura ni ruksa kutumika. Alimtazama mpwa wake, mpwa akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa, akasaini.

Kitu chenyewe kilipotoka, acheni tu. Ulifungua tovuti kuripoti bomba, kimya, halafu pembeni ya kioo akatokea mzee wa kuchorwa, amesimama ubavu. "Hodi hodi, wenyeji! Sikai sana." Chini kuna vitufe viwili, Karibu na Siyo Sasa. Ukibonyeza Siyo Sasa anasema, "Haya, nitapita siku nyingine," anaondoka ameinamisha kichwa, na watu wengi walishindwa kuvumilia wakamwita arudi. Ukibonyeza Karibu anaomba maji. Kuna bilauri pembeni, unaisukuma kwa kidole, anakunywa, anafuta mdomo, anashusha pumzi. Kisha anauliza, "Majirani wazima? Nani anakuchangamsha hapo kwenu?" Unabonyeza unajibu kwa mdomo wako, kama unavyopiga soga. Na kabla hujajibu, sauti ile ile inakwambia, "Jina haliandikwi."

Wiki tatu, milango zaidi ya mia tatu ilikuwa imemkaribisha. Mzee akitoka dukani watoto wanamfuata wakiita hodi hodi. Kinyozi wa jengo la pili, aliyekuwa akinyoa watu chumbani kwake kimya kimya, alimpigia saluti. "Mzee, jana umekunywa maji yangu glasi tatu!"

Hata yeye mwenyewe alijikaribisha. Mpwa alimletea simu ya kioo siku ile ya kwanza. Akakaa kwenye ngazi saa nne asubuhi, akabonyeza, akajiona. Akajipa maji, akacheka mpaka machozi. Alipoulizwa nani anamchangamsha, akajibu mawili matatu ya kumsifu jirani wa juu, akaweka simu mfukoni, akaenda kununua mkate.

Jirani wa juu alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mlango ishirini na mbili. Miaka kumi na moja alishona sare za shule na kurekebisha suruali za watu ndani ya chumba chake, ingawa mkataba wa kampuni unasema chumba ni cha kulala, si cha kazi. Ngazi nzima ilijua. Chini ya cherehani alitandika blanketi lililokunjwa mara nne ili sakafu isitetemeke, na kola za mashati ya Mzee Hodi alizigeuza bure. Wateja wake wote walikuwa wa majengo hayo na shule iliyo mkabala. Hakuwa na fremu ya duka, na hakuwa na pengine pa kwenda.

Mwezi wa pili zikaja barua. Zilikuwa saba, zimepenyezwa chini ya milango saba.

Fundi alishuka na ya kwake akiwa na sindano bado kwenye ukosi wa gauni. "Mzee, hebu nisomee na wewe. Labda mimi sikuelewa vizuri."

Alikuwa ameelewa vizuri kabisa. Kwa mujibu wa taarifa zilizotolewa na wakazi kwa hiari, barua ilisema, chumba namba ishirini na mbili kinatumika kama karakana. Mashine huanza kufanya kazi saa kumi na mbili kamili kila asubuhi. Mpangaji anatakiwa kukabidhi chumba ndani ya siku thelathini.

Mzee aliisoma mara mbili. Kinyozi wa jengo la pili naye alikuja na barua. Mama aliyekuwa akilea watoto wa wenzake mchana naye alikuwa nayo. Walisimama kwenye ngazi, na mmoja wao akasema kwa upole, jambo lililomuumiza zaidi kuliko kama angetukanwa:

"Lakini mzee, ulituambia jina haliandikwi."

"Haliandikwi," akasema. "Haliandikwi, nawaapia. Hapa kuna mtu amefanya makosa."

Akamgeukia fundi. Kichwani alishapata maelezo: mama huyu amejisahau, amepiga soga na simu, akajitaja mwenyewe. Si ndivyo swali la jirani linavyofanya kazi?

"Fundi, nambie kweli. Ulimwambia nini yule mzee wa kwenye simu?"

Fundi alimtazama kidogo. Akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa simu yake. Ilikuwa ya vitufe, kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa mpira wa suruali.

"Hii," akasema, "inaweza kuchora mzee?"

Kinyozi alicheka, kisha akaacha. Kila mtu kwenye ngazi akaanza kupiga hesabu zake: kama si yeye, basi ni nani miongoni mwetu? Walianza kuangaliana. Mlezi wa watoto akamtazama kinyozi, kinyozi akatazama dari.

Kesho yake alivaa shati lenye kola iliyogeuzwa, akaenda ofisini kwa mpwa wake.

Alimkuta na meza mpya, karibu na dirisha. Mlangoni kuna kibao chenye cheo. Mpwa alisimama, akamwamkia, akamvutia kiti, akaagiza maji.

"Sitaki maji," mzee akasema. "Watu saba wamepewa barua. Nimekuja unieleze."

"Mjomba, jina halikuandikwa. Unaweza kukagua. Hakuna jina hata moja mle ndani."

"Na mlango?"

"Mtu anaingia kwa namba ya mlango. Mlango ni namba tu, mjomba. Siyo jina."

"Usinichezee akili, mama. Mimi nimebeba hizo namba miaka thelathini na miwili. Daftari la milango mlilichana?"

"Haichaniki. Inakaa yenyewe kwenye mtambo."

"Nilikufundisha mambo saba."

"Najua."

"Lete lile daftari lako la bluu."

Hakutaka kulitoa. Lakini alikuwa amelelewa na mtu huyu, na mjomba alipokunja mikono kifuani akisubiri, mkono wa binti ukaenda kwenye droo wenyewe. Mzee akafunua. Mwandiko aliujua, alimfundisha yeye. Kukaa ubavu. Hodi. Maji. Penseli. Jirani. Asante. La saba nalo lilikuwepo, limeandikwa vizuri kuliko yote: Chana daftari la milango, mbele ya mtu. Juu yake umepitishwa mstari mmoja wa rula.

Alikuwa amejiandaa kusikia kwamba alisahau. Njia nzima alikuwa akimwandalia udhuru huo, kwamba binti ana mambo mengi, alisahau tu. Huo mstari ulikuwa umenyooka mno.

"Wakubwa walisema hilo halina haja," mpwa akasema.

"Na wewe ulisema nini?"

"Mjomba, mkataba ulikuwa unaisha. Walitaka kujua vyumba gani vinatumika kinyume. Nilikuwa na jinsi ya kuwapatia. Sasa wameniajiri kabisa, mjomba, sitaulizwa tena kila miezi sita. Nilidhani utafurahi."

"Kwa hiyo ulipokuja na matunda ulikuwa unajua."

Mpwa alikuwa akizungusha kifuniko cha kalamu, kinafunguka, kinafunga. Alifanya hivyo hivyo akiwa na miaka kumi alipovunja redio. Hasira mzee angeiweza, lakini hii haikuwa hasira. Alikuwa amemlea mtu kwa neno moja, na mtu huyo akalichukua neno lenyewe akalifanya chambo.

"Haya," akasema. "Yaliyotokea yametokea. Nataka jambo moja. Nani alimtaja fundi?"

"Mjomba, hilo usiulize."

"Kule kwetu watu hawaangaliani tena usoni. Kinyozi haongei na mlezi wa watoto. Nataka kumjua huyo mtu nikamwambie mwenyewe kwamba kosa si lake, ni langu mimi niliyemfungua mdomo."

"Wewe si ulisema jina haliandikwi? Mbona unataka nikutajie?"

"Mlishaliandika. Geuza hiyo kompyuta."

Alimwomba mara mbili zaidi asiulize. Mara ya mwisho alimwita baba, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu akiwa mtoto. Mzee akakaza uzi. Basi akageuza kompyuta.

Kulikuwa na safu ya namba, na katikati ya safu, Mlango 14.

"Kumi na nne ni kwangu," mzee akasema.

Mpwa akabonyeza. Kwanza ikatoka sauti yake, ile ya chumba cha mablanketi: Majirani wazima? Nani anakuchangamsha hapo kwenu? Jina haliandikwi. Halafu kicheko, na sauti ile ile ikajibu, imelegea, ina raha zake, nyuma yake watoto wanacheza kwenye ngazi:

"Aa, kwangu mimi ni fundi wangu wa juu bwana. Huyo ndiye saa yangu. Saa kumi na mbili kamili cherehani inaanza, trrr, najua kumekucha. Anashona mpaka jioni, sare za shule nzima ile. Mama mchapakazi, Mungu amweke."

Ilikuwa imekwisha, lakini mzee aliendelea kuinamia ile kompyuta. Aliwahi kuwafungua mdomo walevi, wanandoa waliogombana, askari, mama mmoja ambaye hakusema na mtu tangu azike mumewe. Na yeye akafunguliwa saa nne asubuhi, hajalewa, na swali alilolitunga mwenyewe.

"Niliiona siku ile ile," mpwa akasema taratibu. "Nilitaka kuifuta."

"Mbona hukufuta?"

"Ilikuwa jibu zuri kuliko yote. Mkubwa wangu aliipenda. Tuliichezesha kwenye mkutano, kuonyesha watu wanavyoongea wakiaminishwa."

"Mliicheka?"

"Kidogo," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, lakini mzee hakuona faida ya machozi hayo kwa yeyote. Alimwomba aitoe sauti yake kule. Mpwa akamkumbusha kwamba alisaini. Alimwomba amwondolee fundi ile barua. Mpwa akasema barua zimeshatoka mikononi mwake, ziko kwa wanasheria. Akamsindikiza mpaka kwenye ngazi, akataka kumshika mkono kama anavyofanya siku zote, kwa sababu mzee magoti yanamsumbua. Mzee akaukwepa, akashika chuma cha ngazi.

Jengoni hakupita kwake kwanza. Alipanda moja kwa moja hadi ishirini na mbili, akasimama hatua nne nyuma, ubavu.

"Hodi."

"Karibu, mzee. Pita tu, angalia usikanyage nyuzi."

Fundi alikuwa akifungasha. Sare zilizokwisha zimepangwa kwa mafungu, kila fungu na karatasi ya jina la mtoto. Blanketi lililokuwa chini ya cherehani limekunjuliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja, lina alama nne za miguu ya mashine. Bila kuombwa, mama yule akachota maji kwenye kikombe, akampa, maana ndivyo mzee huyu alivyozoeleka kila anapoingia kwa mtu.

Mzee alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakuweza kuyanywa.

"Fundi, nimetoka kule. Nimemjua aliyekutaja."

"Achana naye," fundi akasema, akifunga fundo. "Nikishamjua nitafanya nini? Itanibidi nimchukie na sina nafasi, nina sare kumi na nne za kumaliza."

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyesema. Nilikuwa nakusifu. Nilijibu ile simu, nikasema unaanza saa kumi na mbili, nikasema nakupendea uchapakazi. Sauti ni yangu. Nimeisikia."

Fundi aliacha kufunga. Alimtazama usoni kwa muda, kisha macho yakashuka kwenye kola ya shati, ile aliyoigeuza yeye mwenyewe mwezi uliopita, yakakaa hapo. Mzee alingoja atukanwe. Alitamani atukanwe.

Mama yule akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe kutoka mikononi mwake, akayamwaga maji kwenye ndoo ya kufulia, akakifuta, akakitia kwenye boksi pamoja na vyombo vingine.

"Ukitoka rudishia mlango, mzee," akasema. "Vumbi linaingia kwenye sare."

Aliurudishia taratibu. Akashuka ngazi moja, akakaa, akainuka. Pale chini, nyuma ya mlango namba kumi na saba, alisikia mtu akiita: "Hodi hodi, wenyeji! Sikai sana." Alikuwa yeye. Kisha akajisikia akiomba maji, akajisikia akiyanywa na kushusha pumzi. Humo walipanga vijana wawili, mume na mke, wamehamia hawana mwezi, na kila jioni mwanamke alikaanga maandazi ya kuuza shuleni.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Mzee Hodi alipiga mlango wa mtu kwa ngumi.

Ukafunguliwa. Yule mwanamke alisimama na simu mkononi, vidole vina unga. Akamtazama mzee, akaitazama simu, akaangua kicheko. "Jamani! Uko huku na huku! Ngoja basi nimalize kumjibu, ananiuliza habari za majirani."

"Nizime," mzee akasema.

"Nini, mzee?"

"Huyo. Nizime, mwanangu. Usinijibu kitu."

Mwanamke aliendelea kutabasamu, akidhani ni mzaha, kidole chake kikiwa bado juu ya kioo. Na ile simu, kwa sauti ya upole isiyo na haraka, ikamwambia kwamba jina haliandikwi.